Steshenari ya Chake Chake, Pemba, niliyoombea chuo na mkopo, nawapa ukweli wake mnaongoja kama mie

Asalaam alaykum. Tokea matokeo ya fom siksi yatoke naulizwa na watu, tena wengine hata hatujuani vizuri, wapi Chake mtu anaweza kuombea chuo na mkopo akaondoka na roho safi, na mie nimechoka kujibu kwa voisi moja moja, bando lenyewe la kuungaunga, kwa hivyo leo nimekaa naandika yote pamoja. Steshenari hii nimekwenda mara tisa kama sijakosea, ndani ya mwezi mmoja na siku chache, kwa hivyo sisemi kwa kusikia. Na fundi wake simjui nje ya hapo dukani, si jamaa yetu, hajanipa hata kalamu ya bure, asije mtu akasema nimelipwa.

Ukitoka sokoni Chake ukawa unapanda kama unaelekea Machomane, usifike mbali, mkono wa kushoto kuna bi mkubwa anauza sharubati ya ukwaju chini ya mwavuli, mlango wa pili baada yake ndo hapo. Juu pana ubao wa rangi ya buluu umeandikwa FOTOKOPI PICHA KUPRINTI FOMU ZOTE, ile F ya mwanzo imeshaliwa na mvua kwa hivyo inasomeka OTOKOPI, watoto wa skuli wakipita lazima waisome kwa sauti. Ndani chumba kimoja chembamba, kompyuta ya mezani moja na laptopu moja, mashine kubwa ya fotokopi imefunikwa kanga isiingie vumbi, feni ya ukutani imefungwa waya, marimu ya karatasi yamepangwa mpaka dirishani yameziba upepo, na benchi la kukaa watu watatu ambalo siku zote tumekaa watano. Na paka yupo. Analala juu ya printa kwa sababu ya lile joto lake, ukitaka kuprinti kwanza ashushwe paka, wallahi sisemi kwa mzaha, na ukiwa na haraka utaona huyo paka anavojinyoosha taratibu utatamani kulia.

Sasa kabla sijasema huduma nseme mie nani ili mjue natizama kwa jicho gani. Natokea Vitongoji, nimesoma CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia, nimepata C ya Kemia, C ya Baiolojia na D ya Jiografia, divisheni ya pili ya pointi 10, alhamdulillah, maana ile pepa ya Kemia nilitoka nalia mpaka mwalimu msimamizi akaniuliza kama naumwa. Tumemaliza mwezi wa tano. Tokea hapo ni kungoja, na kungoja jamani hakuna skuli inayofundisha. Ulizoea kengele, ulizoea kuhesabiwa, ulizoea kuambiwa na maalim saa hii fanya hivi, mara ghafla unaamka asubuhi ushaswali ushafagia uwanja ushapeleka watoto wa dada skuli na bado ni saa mbili, na siku nzima iko mbele yako. Wenzangu walioitwa JKT, jeshi la kujenga taifa, angalau wanaamshwa kwa filimbi. Bibi yangu ndo kabisa, majirani wakimuuliza mjukuu wako siku hizi anafanya nini anawajibu anangoja chuo, afu wakishaondoka ananigeukia, kwani weye hukukhitimu? Chuo gani tena hicho unachokingoja? Kwake yeye chuo ni cha Kurani, na Kurani mie nimekhitimu tokea darasa la sita, biriani ikapikwa na kila kitu. Nikamwambia bibi, hiki chuo kikuu. Akasema ah, kikuu, basi kitakuwa mbali.

Bahati mwaka huu mikarafuu imebeba, kwa hivyo ami yangu kanichukua niwe nachambua. Wasioijua kazi hii, ni kwamba karafuu ikishachumwa inakuja kwa vishada, tunakaa barazani baada ya magharibi wanawake watupu, taa moja, gunia linamwagwa katikati ya jamvi, unavunja karafuu huku makonyo, vile vijiti vyake, huku, karafuu huku makonyo huku, mpaka dole gumba linakuwa jeusi na harufu haitoki hata ukioga kwa sabuni ya unga. Asubuhi zinaanikwa, mvua ikitanda kila mtu mbio kuzoa, zikikauka ndo zinakwenda kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Mie malipo yangu ni kwa pishi, kile kipimo cha kupimia karafuu. Kwa hivyo bei zote ntakazozitaja humu msizione ndogo, shilingi mia tano mie naijua kwa vikonyo.

Halafu na hili lazima nlisema, hapa sikufika moja kwa moja. Nilianzia kwengine, sitopataja. Nilifika na vyeti vyangu kwenye bahasha, kijana akavichukua akaniambia kaa nje dada tukimaliza tutakuita, nikakaa nje kama niliyeleta kiatu kushonwa. Mara moja tu kanichungulia mlangoni, umesoma nini? Nikamwambia sayansi. Bas. Baada ya nusu saa kanirudishia bahasha, elfu tano, tayari, nenda kapumzike. Nimefika nyumbani nimetulia nikajiuliza, tayari nini? Sina paswodi, sina imeli, hata hiyo kontrol namba ya kulipia ada ya maombi imekwenda kwenye simu ipi sijui. Nikarudi baada ya siku tatu, kijana kasafiri Unguja, simu haipatikani. Kumbe imeli kafungua kwa jina langu lakini paswodi yake yeye na namba ya simu yake yeye, na chaguo la kwanza kaniwekea Udaktari. Udaktari! Hata mtoto wa fom faivu anajua udaktari wa binaadamu wanataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, na mie yangu ni Jiografia. Usiku ule nlichambua karafuu sioni mbele, vidole vinakwenda vyenyewe.

Rafiki yangu tuliyekuwa naye dahalia moja, bweni la skuli, ndo aliyenipeleka kwenye hii ya paka.

Cha mwanzo alichofanya fundi, na ndo sababu ya mie kuandika yote haya, alichukua kioo cha kompyuta akakigeuza. Yaani kile kioo kikawa kinanitizama mie na yeye kwa pamoja, akavuta kiti cha plastiki akanambia kaa hapa dadangu, hii fomu ni yako si yangu. Akaniuliza simu unayo, imeli unayo, paswodi unaijua kwa kichwa? Nikamhadithia yaliyonikuta. Hakumsema vibaya mwenzake, kaguna tu, mmh, akaanza kuandika barua kwa kile chuo kuelezea kuwa akaunti imefunguliwa kwa namba isiyo yangu, akaambatisha cheti na kitambulisho changu cha Mzanzibari. Siku nne wakajibu, wakaifungua upya. Imeli mpya nimeandika paswodi mwenyewe kwa mkono wangu yeye kageuka upande wa pili anatizama ukuta, afu kanambia iandike pia nyuma ya daftari, daftari uliweke kwa mama yako, usiliweke kwenye mkoba.

Akishajaza ukurasa anakusomea. Hakurupuki. Namba ya mtihani anaisoma tarakimu mbili mbili huku wewe umeshika slipu yako unafuatisha kwa kidole, tarehe ya kuzaliwa anaisoma, jina la skuli analisoma, na akimaliza anauliza, niendelee? Usipojibu hafanyi. Kuna mzee mmoja siku hiyo amekuja kumuombea mwanawe, kachoka na kusomewa, kasema wewe bonyeza tu mwanangu mie nakuamini. Fundi kamjibu, mzee wangu, mie mwenyewe sijiamini. Benchi zima tumecheka lakini mie nilikuwa nacheka na machozi yananilenga.

Halafu lile suala la pointi. Nijitie aibu tu niseme, mie mpaka namaliza fom siksi sikuwa nalielewa, nilikuwa naona watu wanasema nna pointi 10, mwengine anasema chuo wanataka pointi 4, nikawa najiuliza sasa mimi 10 si nimepita mara mbili na zaidi? Kumbe hesabu mbili tafauti. Alivonieleza yeye ndo hivi: NECTA, baraza la mitihani, wanahesabu kama watu wanaokimbia mbio, anayefika mwanzo ndo wa kwanza, kwa hivyo A ni moja, B mbili, C tatu, D nne, ukijumlisha masomo matatu ikatoka ndogo ndo umeshinda. Chuo wanahesabu kama wauzaji, A inakupa tano, B nne, C tatu, D mbili, E moja, ikitoka kubwa ndo umeshinda. Na cha chini kabisa cha kuingilia digrii kwa anayetoka fom siksi ni masomo mawili yaliyopita yafikishe pointi 4. Mie C zangu mbili tu ni sita. Lakini hapo akanizuia nisifurahi haraka, hiyo nne ni ya kupita geti, kila kozi ina masharti yake ndani. Ana kile kitabu cha muongozo cha TCU, tume ya vyuo vikuu, kakiprinti chote, kimekunjika pembe kama msahafu wa chuoni, ukitaja kozi anakifungua anakuwekea kidole kwenye mstari wenyewe usome, masomo gani wanataka, alama gani. Tumekaa hapo saa nzima na ushee. Nimetoka na Sayansi na Ualimu ya SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, kule Tunguu chaguo la kwanza, na chuo chengine cha bara nimeweka kwa tahadhari, sitaki kukitaja nisije nikajikosesha. Binamu yangu alokuja naye siku moja yeye akili zake ziko IIT Madras ya Bweleo, ile ya Wahindi iliyofunguliwa 2023, ana hesabu kali huyo hata fundi kamuonea wivu, lakini kule wana mtihani wao wenyewe wa kuingilia kwa hivyo khabari yake nyengine.

Sasa mkopo. Hapa ndo utamjua fundi na asiyekuwa fundi. Maombi ya HESLB, bodi ya mikopo, ada yake elfu thelathini, na ukishalipa hairudi. Mie nilikuja nayo mkononi nimeikunja kwenye kitambaa, pishi zangu zote zile, nataka kulipa nimalize. Kaniambia lete cheti cha kuzaliwa kwanza. Akakiskani, kwenye kioo ikatokea alama ya dole gumba la hudhurungi pembeni ya muhuri. Kanitizama mikono. Wewe unachambua? Nikaificha chini ya mtandio. Akasema usifiche, mama yangu kanisomesha kwa hivyo hivyo vidole, akachukua kitambaa akafuta kioo cha skana na ile pembe ya cheti taratibu, akaskani upya, na hakunitoza mara mbili. Ndo wakati anakikuza akaona. Akaniuliza, huyu Khamis na huyu Hamis ni baba mmoja?

Cheti cha kuzaliwa Khamis, vyeti vya skuli vyote Hamis bila ya K. Miaka yote hiyo hakuna hata mmoja nyumbani aliyeliona, kwetu sisi ni mtu yule yule, tunamwita kwa kutoa kooni wala hatuandiki. Lakini majina yasipolingana unaweza kukwama huko mbele, na cheti chenyewe lazima kihakikiwe kwanza, sisi wa Zanzibar kwa ZCSRA, wa bara wao RITA, ndo ofisi za usajili wa vizazi hizo. Kaniambia rudisha elfu thelathini yako kwenye kitambaa, kaulize kwanza pale usajili, kale kiapo kama watakwambia ule, ukiwa na karatasi ya muhuri ndo uje. Ilinichukua siku tatu na nauli. Kwa ile duka la mwanzo najua ningelipishwa siku hiyo hiyo na kuambiwa nenda kapumzike.

Ukishajaza mkopo fomu inaprintiwa, inasainiwa na mdhamini, na sheha, yaani kiongozi wa mtaa, na wakili au mahkamani, afu kurasa zilizosainiwa zinaskaniwa zinarudishwa mtandaoni. Mdhamini wangu ami. Sheha nimemkuta kwenye karafuu zake anageuza kwa reki, muhuri umo ndani ya mfuko wa shati pamoja na tasbihi, kapiga muhuri juu ya gunia, ukaenda upande kidogo. Nimerudi kwa fundi roho juu, kautizama, kasema unasomeka, twende.

Na siku ile ya kutuma yenyewe umeme ukakatika. Imebaki kubonyeza mara moja tu. Feni ikasimama, paka akainua kichwa, benchi zima tukasema laa ilaaha illallah. Yeye hata hakushtuka, kumbe kila ukurasa alikuwa ameshauseva, akachomoa laptopu, akawasha hotspoti ya simu yake, tukaendelea pale pale joto linatuchemsha. Nilitoa jero, mia tano hiyo, nimnunulie bando kasema kanunue ukwaju. Nikenda nikanunua wawili, wangu na wake. Sharubati ya yule bi mkubwa nayo inastahili mapitio yake, anatia tangawizi kidogo na chumvi chembe, barafu haibani, mia tano glasi, na akikuona na bahasha mkononi anakuombea dua kabla hujanywa.

Sasa msinione nasifia tu, kasoro zipo na nyengine zinakera.

Ya kwanza bei. Hakuna bango la bei hata moja. Fotokopi mia, kuprinti mia tatu ukurasa, skani mia tano, kujaza chuo elfu tatu kwa chuo, mkopo elfu tano, hizo nimezijua kwa kulipa moja moja. Kufungua imeli mia tano zaidi, hii mie sikubali, tena nilimwambia usoni, mtu ana simu yake anafungua mwenyewe, yeye kasema nalipia muda. Haya. Na ukishamaliza unauziwa folda ya plastiki ya elfu moja unaambiwa vyeti vitaloa, mimi nikawaza vyeti hivi vimekaa kwenye bahasha ya khaki chini ya godoro tokea fom fo havijaloa, lakini nikanunua.

Chenji. Hana chenji kamwe. Mara tatu nimepewa pipi badala ya mia. Pipi ya mnanaa! Nimetoka na pipi sita kwa jumla, nimewapa watoto wa dada, wao ndo waliofaidi katika safari yote hii.

Ya pili picha. Jamani picha za pasipoti msipige kwake. Kamera nzuri, mwanga mzuri, anakuweka vizuri mtandio usizibe sikio, lakini printa yake ya rangi ina mstari, na mstari wangu umepita baina ya pua na mdomo. Nilikuwa na masharubu. Mama kaitizama muda mrefu afu kasema, sasa hapa umefanana na babu yako. Kaniprintia upya ya pili nayo ikawa na masharubu ila hafifu, kijana wa fom tu. Picha ya kompyuta ndo iliyokwenda kwenye fomu kwa hivyo haikuniathiri, lakini elfu mbili yangu imekwenda.

Ya tatu foleni, na hii ndo inayonitia hasira khasa. Foleni haipo. Unakaa benchi unajihesabia mwenyewe, nipo wa tatu, mara anaingia mtu na flashi, fundi hii moja tu ya haraka, anahudumiwa. Anaingia mwengine anataka barua ya harusi ichapwe, inachapwa, tena inasomwa kwa sauti jina la bwana harusi na bi harusi na ukumbi, sote tumeshaalikwa. Kuna siku nimefika saa mbili na nusu nimehudumiwa saa saba kasoro. Siku hiyo nilikuwa nimeacha jamvi limeanikwa na wingu limetanda upande wa Wawi, akili yote iko nyumbani, nampigia dada hapokei. Na ukimwambia fundi anakwambia samahani dadangu mie siwezi kumkatalia mtu. Kwa upande mmoja ndo uzuri wake huo, kwa upande mwengine sie tunaokaa kimya tukangoja zamu ndo tunaolipia upole wake. Anahitaji mtu mmoja tu hapo mlangoni wa kugawa namba, nilimwambia nifanye mie kwa mwezi huu mmoja uliobaki, kacheka, sijui kama alidhani namtania. Sikuwa namtania.

Ah na feni. Feni inapuliza mashine, haipulizi watu. Vaeni nguo nyepesi.

Nikiambiwa nitoe nyota mie natoa nne. Moja nimeikata ya foleni, ya pipi nimesamehe, ya masharubu nimeisamehe pia kwa sababu nyumbani hadi leo wakitaka kucheka wanaitoa ile picha.

Kwa sasa mie nimeshatuma kila kitu, nimerudi jamvini. Jioni tunachambua, simu nimeiweka juu ya mto karibu na goti, ikitoa mlio wanawake wote wanasimamisha mikono wananitizama, mara ni mtandao wa simu unaniambia nimeshinda milio ya nyimbo. Bibi kauliza hicho chuo kikuu hakina hodi? Wiki iliyopita nimekwenda tena kwa fundi bila ya shida yoyote, nimejisingizia nataka fotokopi ya kitambulisho, kumbe nataka tu aniangalizie akaunti. Kaifungua, kageuza kioo kama kawaida yake, imeandikwa maombi yamepokelewa. Bas hilo tu. Kaniambia ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja utatumiwa kodi ya kuthibitisha, yaani namba ya siri, na itakuja kwenye simu yako, si yangu, kwa hivyo usije hapa kuniuliza mie, na kodi hiyo usimpe mtu hata akikwambia yeye ni nani. Sikulipa kitu siku hiyo isipokuwa mia ya fotokopi, nikatoa jero, nikajua kinachokuja, nikafungua mkono mwenyewe nikapokea pipi nne.

Mkienda nendeni mapema, anafungua saa mbili kamili lakini paka na foleni wanaanza kabla yake. Chukueni vyeti halisi na si picha za simu, jueni namba yenu ya fom fo na ya fom siksi, simu iwe na chaji, na tizameni jina la baba zenu herufi kwa herufi mkiwa bado nyumbani. Beba mia mia. Ijumaa msende baada ya saa tano, atakuwa anavuta mlango kwenda msikitini na harudi mpaka saa nane na nusu, na bi mkubwa wa ukwaju siku hiyo hakai.